Mikanda sita ya harusi, miwili ina mawimbi ya moshi: mashine ya uwanja wa ndege ina kosa gani hasa?

MwanaKatuba (mwenye uzi)

Jambo yenu. Wachache tunaopiga picha kwa mkanda wa filamu hapa Lubumbashi, njooni mnisaidie. Wa dijitali karibuni pia, ila msinicheke.

Mwezi wa saba nilikwenda Ubelgiji kwenye harusi ya binamu yangu. Nilibeba mikanda sita ya Ilford, yote nyeusi na nyeupe: FP4 mmoja, HP5 minne, na Delta 3200 mmoja kwa ajili ya ukumbini usiku. Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, mpaka kurudi nimepita ukaguzi wa viwanja vitatu. Wiki iliyopita nimesafisha yote kwa dawa bafuni kwangu, nikaitundika kwenye kamba ya nguo, nikawasha taa ya simu nyuma yake. Nilikaa chini.

Miwili ina mistari myeusi inayopanda na kushuka kama wimbi, kuanzia mwanzo wa mkanda mpaka mwisho. Mmoja una madoa pembeni. Ile Delta imekuwa ya kijivu yote, kama maji ya mchele. Picha ninayoilia ni ya nkambo wetu, mzazi wa wazazi wetu. Amekaa peke yake mezani, kitenge kipya, mkono mmoja umeshika glasi ya Fanta, mwingine umefunika glasi ile nzi asiingie. Huko Ubelgiji nzi hakuna, ni mazoea tu ya nyumbani. Wimbi limempita usoni.

Nasema wazi: eksirei ya uwanja wa ndege imeniulia mikanda yangu. Nani amepatwa na hili, na dawa yake ni nini?

Bijou_Kampemba

Pole yaya. Mimi mwaka jana nilipita viwanja vinne na kamera ya dijitali na kadi zangu tatu kwenye begi, hakuna kilichoguswa. Kwa hiyo mashine inachagua?

Kijana_Ruashi

Ndiyo maana dunia ilihama huko mukubwa 😂

Muzee wa Labo

Mwanangu MwanaKatuba, pole. Mimi nimekaa kwenye chumba cha giza tangu ujana wangu, mpaka vidole vikawa na rangi ya dawa. Nakuomba uiache mashine kidogo, tuulize mkanda wenyewe. Umesema mikanda sita, na magonjwa uliyoyataja ni matatu tofauti. Ugonjwa mmoja hauwezi kuwa na sura tatu.

Nijibu haya. Mikanda yenye mawimbi ilisafiri wapi, mkononi au chini ya ndege? Mawimbi yanaishia kwenye picha au yanavuka mpaka kwenye matundu ya pembeni? Yameachana sawasawa mwanzo na mwisho? Madoa ya ule mmoja yako upande gani? Delta uliinunua lini? Na je, kuna mkanda wowote wa boksi lile lile uliobaki nyumbani?

Bijou, binti yangu, kadi ya dijitali haina kemikali ya kuungua. Picha yake ni chaji za umeme ndani ya chipu, na eksirei ya mizigo haizisumbui. Hata mkanda uliokwisha kusafishwa upitishe mara mia, hauna tena cha kuungua. Anayeumia ni yule ambaye hajaonja dawa, awe amepigwa picha au bado.

MwanaKatuba

Muzee, aksanti. Nimechukua rula na kioo cha kukuzia cha mtoto wa shule.

Mikanda yenye mawimbi ni HP5 miwili. Hapa niseme ukweli ambao sikuusema juu. Wakati wa kurudi, kwenye kaunta walipima begi langu la mkononi wakasema limezidi kilo, likabidhiwe liende chini. Nilitoa kamera na mikanda haraka haraka, watu nyuma yangu wananung'unika. Hii miwili ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni pamoja na soksi. Nilikumbuka nikiwa nimekwisha kukaa kwenye kiti, mkanda wa ndege kiunoni.

Mawimbi yanavuka kila kitu: picha, nafasi kati ya picha na picha, mpaka kwenye matundu. Mkanda mmoja nimeupima. Kwenye picha za mwanzo, kutoka kilele hadi kilele ni kama sentimita 6. Kwenye picha ya 33, 34 ni kama sentimita 4. Sikuwa nimeona hilo mpaka ulipouliza.

Mkanda wa madoa: yako upande mmoja tu, yanaanzia kwenye matundu na kuingia ndani ya picha kama ulimi. Picha nyingine hayapo kabisa.

Delta nilinunua kwa rafiki, tarehe yake ilikuwa imepita miaka mitatu. FP4 na HP5 ya nne ni safi kabisa. Na ndiyo, HP5 moja ya boksi lile lile ilibaki kwenye friji, karibu na nyanya.

Muzee wa Labo

Basi umekwisha kujijibu, umebaki kusoma.

Tuanze na mawimbi. Chukua karatasi, izungushe iwe bomba nene, ikate kwa kisu kwa mshazari, kisha ikunjue. Utaona ukingo wake umekuwa wimbi: kila mzunguko wa karatasi umetoa kilima kimoja na bonde moja. Mkanda ndani ya kikebe chake ni bomba hilo, na kisu ni miali ya eksirei. Mizunguko ya nje ni mikubwa, kwa hiyo vilima vinaachana. Ya ndani ni midogo, vinakaribiana. Wewe ulirudisha mkanda ndani ya kikebe baada ya kupiga, kwa hiyo picha ya kwanza iko nje na ya 36 iko kwenye kiini. Sentimita 6 kule, 4 huku. Hakuna kitu nyumbani kwako kinachoweza kuchora hivyo. Hii ni mashine, tena ya mizigo ya chini.

Mashine za mizigo inayokabidhiwa si sawa na ile unayovulia mshipi. Zilianza kuenea miaka ya 1990, kwa ajili ya kutafuta mabomu. Zinazungusha mionzi na kulikata begi vipande vipande kama daktari anavyopiga skana ya kichwa, na nyingine zikitilia shaka kitu zinakilenga kwa nguvu zaidi. Kodak ilitoa onyo wakati huo: ukanda wa ukungu wa upana wa sentimita 1 hadi 1.5, mnyoofu au wa wimbi kutegemea kikebe kililalaje. Pima upana wa wako.

Madoa ya ulimi sasa. Eksirei haijui matundu wala ukingo, inapita popote. Kinachoanzia kwenye matundu na kuingia ndani ni nuru inayovuja. Mlango wa nyuma wa kamera yako una sponji nyeusi ndani ya mfereji. Iguse. Ikikubandika vidoleni kama lami, basi huyo ndiye mwizi wako, na amekaa nyumbani kwako.

Delta hesabu yake ni nyingine. Ule mkanda unaitwa 3200 lakini kasi yake halisi ni kama 1000. 3200 ni ya kusukuma kwa dawa. Kadiri mkanda unavyoona gizani ndivyo unavyoona na eksirei. Ukiuongezea dakika kwenye dawa, unausukuma pamoja na ukungu wake. Tena ulikuwa umezeeka. Mashine na uzee wamegawana kosa.

MwanaKatuba

Upana ni milimita 12.

Sponji imenibandika vidoleni.

Kijana_Ruashi

😂😂 Mwizi yuko ndani

Bijou_Kampemba

Nimekata karatasi ya daftari la mtoto wangu, kweli imetoka wimbi. Sasa analia nimemharibia hesabu zake.

Kijana_Ruashi

Muzee mimi nauliza bila utani. Kikebe kimefungwa, nuru haiingii. Eksirei inaunguzaje kitu kilicho gizani?

Muzee wa Labo

Swali zuri. Ndani ya ule utando wa mkanda kuna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha, fedha na bromini, zimetawanywa ndani ya jelatini. Nuru ikigonga chembe, inaachia vijiatomu vichache vya fedha. Huvioni kwa jicho, lakini dawa inavitambua na kuigeuza chembe nzima kuwa fedha nyeusi. Eksirei ni nuru pia, ila ina nguvu ya kupenya bati na plastiki. Ikifika inafanya kazi ile ile. Dawa haiwezi kuuliza chembe hii iligongwa na uso wa nkambo au na mashine.

Ubaya wake ni kwamba inajumlishwa. Kila kupita kunaongeza kidogo juu ya kile cha jana. Ndiyo maana kwa mashine za zamani za mizigo ya mkononi, Wamarekani walikuwa wakisema mkanda wa kasi ya chini ya 800 hauna shida, ila usizidishe mara tano.

Na msifikiri huu ni ugomvi wa juzi. Röntgen aligundua eksirei mwezi wa 11 mwaka 1895, na mkono wa mke wake akauonyesha mifupa na pete kwenye bamba la picha. Miezi michache baadaye mwanasayansi Becquerel, Paris, akafunga bamba kwa karatasi nyeusi, akaweka chumvi ya urani juu, akaliacha kwenye droo kwa sababu hapakuwa na jua. Alipolisafisha lilikuwa limeungua. Ukungu kwenye bamba ndio uliofungua mlango wa mionzi yote. Kwa hiyo tunalaumu kitu ambacho tangu kuzaliwa kwake kilijulikana kwa kuharibu picha.

Mama_Likasi

Mkitaja urani msitupite sisi wa Likasi. Shinkolobwe iko kama kilomita 20 kutoka hapa kwetu. Madini yale yaligunduliwa mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York, na baadaye yakawa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki la Marekani.

Sasa sikilizeni yanavyorudi kwenye mikanda. Bomu la kwanza la majaribio, Trinity, lililipuliwa tarehe 16 mwezi wa 7 mwaka 1945 kwenye jangwa la New Mexico, kwa siri kubwa. Miezi iliyofuata Kodak ikaanza kupata malalamiko: filamu za eksirei zina madoa, na hata hazijafunguliwa. Mwanafizikia wao Julian Webb akafuatilia mpaka kwenye kadibodi ya mabua iliyotumika kufungashia. Ilitengenezwa kwenye kiwanda kimoja Indiana, mbali kabisa na New Mexico. Vumbi la mlipuko lilibebwa na upepo, likaanguka, likaingia kwenye maji ya kiwanda. Akakuta ni seriamu-141, kitu kinachozaliwa urani au plutonium inapopasuliwa. Watu wa Kodak walijua vumbi la bomu limefika mpaka Indiana kwa kuangalia mikanda iliyoharibika. Webb alichapisha mwaka 1949.

Mimi nikisikia "mionzi imeharibu picha zangu" huwa nafikiri njia ambayo jiwe la huku kwetu lilipita mpaka kuharibu picha za watu wa mbali, na hakuna mtu wa huku aliyeambiwa kitu.

Muzee wa Labo

Mama, hapo umesema. Marehemu baba yangu alikuwa akiita Shinkolobwe "kule kwa jiwe lisilolala".

Fundi_Kolwezi

Turudi kwenye dawa. Si ufunge mikanda kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni? Au ununue mfuko wa risasi, nimeona unauzwa mtandaoni.

MwanaKatuba

Ndugu, usije ukasema mbele ya askari wa uwanja wa ndege kwamba una mfuko wa risasi. Utakosa ndege na mkanda 😅

Muzee wa Labo

Sema "plomb" kwa Kifaransa, usalimike.

Karatasi ya jikoni ni nyembamba kuliko hata kikebe cha mkanda, eksirei haiioni. Plomb inazuia kweli kama ni nene, lakini fikiria upande wa yule anayeangalia kioo. Anaona begi, nguo, viatu, na katikati bonge jeusi lisiloonyesha kitu. Atafanya nini? Atalirudisha lipite tena, au alifungue. Akilifungua ni heri yako, akilirudisha umepata dozi mbili. Na chini ya ndege usiutumaini kabisa.

Dereva_Kasumbalesa

Mimi si mpiga picha, ila nimesoma uzi wote nikisubiri foleni. Msidhani barabara ndiyo salama. Kuna watu huwapa madereva mikanda na vifurushi wavipeleke Ndola au wavilete huku. Kwenye mipaka mikubwa na bandarini kuna mashine za kupima lori zima na kontena. Ile inapenya chuma cha kontena pande mbili! Sisi wenyewe tunashushwa kabla haijawashwa. Ukimpa dereva mkanda, mwambie ashuke nao mfukoni.

Muzee wa Labo

Mwalimu huyu. Sikuwa nimefikiria lori.

Bijou_Kampemba

Sasa mtu afanye nini? Yaya, ile miwili iliyotoka safi uliipitishaje?

MwanaKatuba

FP4 na HP5 ile ilikuwa mwilini au mkononi muda wote. Luano na uwanja wa kubadilishia ndege ilipita kwenye mashine za kawaida, zile za zamani za mkanda wa mpira, jumla mara tatu. Hazina doa. Nimeilinganisha na ile iliyokaa friji na nyanya, nikaisafisha kwa dawa ile ile, dakika zile zile. Sehemu zisizo na picha zina rangi moja, huwezi kuzitofautisha dirishani. Kwa hiyo nafuta maneno yangu ya juu kwa sehemu.

Ulaya wakati wa kurudi ndipo nilipata bahati. Kwenye ukaguzi niliona mashine kubwa nyeupe, ya duara kwa ndani, na abiria hawatoi hata kompyuta kwenye begi. Hiyo ndiyo CT ya mizigo ya mkononi, skana inayokata begi vipande, ndugu wa ile ya mizigo ya chini. Kodak na Ilford wote wanaonya usipitishe mkanda wowote humo, hata wa kasi ndogo, hata mara moja. Nilikuwa nimetoa vikebe kwenye maboksi, nimeviweka kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, wazo la rafiki. Nikamwambia dada wa ukaguzi: ni filamu, hazijasafishwa, naomba uziangalie kwa mkono. Aliniangalia kama nimetoka makumbusho. Akaita mkubwa wake. Yule baba akacheka, akasema baba yake alikuwa na kamera kama hiyo. Akachukua kitambaa kidogo kwenye kijiti, akafuta kikebe kimoja kimoja, akaingiza kitambaa kwenye kisanduku kinachonusa baruti, taa ikawa kijani. Dakika nne. Wakati huo huo HP5 zangu mbili zilikuwa zinaelekea kwenye mashine mbaya kuliko zote, pamoja na soksi.

Nimejifunza na kitu kingine: ile fremu ya mlango unayopita kwa miguu haina eksirei, ni sumaku tu. Mkanda mfukoni hauumii pale, ila kikebe ni cha chuma, italia, na watakuambia utoe.

Muzee wa Labo

Uombe kwa upole na ufike mapema. Wakiwa na foleni ndefu hata mfalme hasikilizwi. Marekani kanuni zao zinakuruhusu kuomba ukaguzi wa mkono. Kwingine ni moyo wa aliye zamu. Njia yangu mimi ni ya kizamani: safisha huko huko ulikopigia, urudi na negativi, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa. Hiyo haina mashine ya kuiogopa.

Mama_Likasi

Na picha ya nkambo? Ndiyo imekwenda?

Muzee wa Labo

Haijaenda. Wimbi ni jeusi kwenye negativi, maana yake litatoka jeupe kwenye karatasi, kama moshi. Lakini uso uko chini yake, fedha yake ipo. Tutaichapa kwa karatasi ya daraja la juu, nne au tano, ili tofauti ya weusi na weupe irudi. Pale wimbi linapopita tutaongeza muda wa nuru, tukifunika sehemu nyingine kwa kadibodi iliyokatwa kwa umbo lile lile. Utaharibu karatasi sita, saba, kabla ya kupata moja. Moshi utabaki kidogo.

Delta usihangaike nayo, chagua picha mbili zenye nuru nyingi, nyingine ziache.

MwanaKatuba

Muzee, mashine ya kukuzia picha bado unayo?

Muzee wa Labo

Iko chini ya kitanda, kwangu Kamalondo. Njoo Jumamosi saa tatu, kabla umeme haujakatika. Kusafisha mkanda tunaweza bila umeme, na wakikata kila nyumba ya mtaa huu inakuwa chumba cha giza. Kuchapa hatuwezi.

Uje na kamera pia, na wembe, na sponji nyeusi mpya. Hiyo tunaanza nayo.

Bijou_Kampemba

Naweza kuja kuangalia? Nitaleta bukari tule.

Muzee wa Labo

Lete na sombe.